Kubadilisha Jina la Barabara ya Mtaani Dar es Salaam: Mwongozo Kamili kwa Wakazi

Barabara inayopita mbele ya nyumba yetu ilipata jina mwaka 2022, katika operesheni ya anwani za makazi iliyotangulia Sensa ya Agosti mwaka huo. Vijana wawili walikuja na simu na daftari, wakasimama dukani, wakauliza, "Hii njia mnaiitaje?" Mmoja wa waliokuwepo akataja jina la bwana mwenye nyumba ya kona, likaandikwa, wakaenda zao. Wiki chache baadaye nguzo ikachimbiwa. Bwana yule kila mtu mzima wa mtaani kwetu anamkumbuka kwa jambo moja: aliukata uwanja wa watoto vipande vinne akaviuza. Na hatua hamsini hivi kutoka kwenye nguzo ile ipo nyumba ya marehemu mama aliyekuwa mkunga. Zaidi ya nusu ya wanaokaa kijiweni pale walikatwa vitovu na mkono wake.

Ilituchukua mwaka mmoja na nusu kuliondoa jina la kwanza na kuliweka la mama. Tulikosea mengi njiani. Ninayoandika hapa ndiyo ningetamani kuambiwa siku ya kwanza. Sitaji majina ya watu wa kwetu, hata la bwana yule, kwa sababu watoto wake bado ni majirani zetu na hawana kosa.

Kwanza, mtaa upi?

Neno "mtaa" hapa Dar linabeba maana mbili, na kuzichanganya kunakula miezi. Kuna mtaa wa kiutawala, ulio ndani ya kata, wenye mwenyekiti aliyechaguliwa, mtendaji, ofisi na muhuri. Na kuna mtaa kwa maana ya njia yenye nyumba pande zote mbili, kama Mtaa wa Mchikichi au Mtaa wa Swahili kule Kariakoo. Ukitaka kubadilisha jina la ule wa kwanza unagusa mambo ya utawala na uchaguzi, na safari yake inafika TAMISEMI. Mwongozo huu ni wa ule wa pili. Kwa hiyo katika kila karatasi andikeni "jina la barabara", msiandike "jina la mtaa". Barua yetu ya kwanza ilirudi kwa sababu ya neno hilo tu, na ilirudi baada ya wiki saba.

Kisha ujue barabara yenyewe iko chini ya nani. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS. Barabara za mijini na za mitaani zinasimamiwa na TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Majina ya barabara kubwa mara nyingi huamuliwa juu kabisa. Ocean Road iligeuka Barack Obama mwaka 2013, rais huyo wa Marekani alipokuja nchini. Barabara ya Pugu ikawa Julius Nyerere, Port Access ikawa Nelson Mandela, Old Bagamoyo ikawa Mwai Kibaki. Mkazi anaweza kupeleka maoni yake kwa mbunge kuhusu barabara za namna hiyo, lakini asianzie huko. Aanze na njia anayoikanyaga asubuhi akienda kununua maandazi, kwa sababu jina la njia hiyo linapita halmashauri, na halmashauri ina mlango anaoweza kuufikia kwa miguu au kwa daladala moja.

Halmashauri za mkoa huu ni tano: Jiji la Dar es Salaam (ambalo mpaka Februari 2021 lilikuwa Manispaa ya Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Wazee wengi bado wanasema "nakwenda Jiji" wakimaanisha ile halmashauri ya zamani iliyozisimamia manispaa zote. Ilivunjwa. Kama unakaa Temeke, baraza lako la madiwani ni la Temeke.

Jina la zamani limebeba nini?

Kabla ya kuling'oa jina, kaa nalo chini ulichunguze. Hatua hii watu huiruka kwa hasira, na ndiyo inayoamua kama jina jipya litaishi.

Jiji letu limezoea kubadilishwa majina. Chukua Barabara ya Samora. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, yaani chini ya migunga. Waingereza wakaigeuza Acacia Avenue, ulipokuja uhuru ikawa Independence Avenue, na baadaye ikachukua jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji. Pale katikati, ilipo Sanamu ya Askari, palisimama kwanza sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewapiga watu wa pwani waliopinga utawala wa Wajerumani na baadaye akawa gavana. Waingereza walipoingia mwaka 1916 waliiondoa, na mwaka 1927 wakamzindua huyu askari tunayemwona leo na bunduki yake. Kila aliyeshika mji alianza na majina.

Baadhi ya mabadiliko yalishika vizuri sana. New Street, ilipokuwa ofisi ya TANU, leo ni Lumumba, na huwezi kumkuta kijana anayejua iliitwaje kabla. Kichwele ikawa Uhuru. Mtaa wa Kipata ukawa Mtaa wa Kleist Sykes, mmoja wa waanzilishi wa African Association mwaka 1929, na nyumba yake ilikuwa palepale Kipata. Ila ukienda Kariakoo ukamwambia bodaboda, "Nipeleke Mshume Kiyate," atakuuliza ndiyo wapi huko. Sema Tandamti, anawasha pikipiki. Mtaa wa Tandamti ulipewa jina la Mzee Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki sokoni na mmoja wa wazee wa TANU waliomsaidia Nyerere kwa hali na mali. Sidhani kama kuna anayemkataa. Wengi hawajawahi kuambiwa alikuwa nani, na Tandamti lilikuwa limeshakaa mdomoni miaka mingi.

Kwa hiyo ulizeni jina la zamani linatunza nini. Pengine linataja kisima kilichofukiwa, mwembe uliokatwa, au kule barabara ilikokuwa inaelekea; Barabara ya Pugu ilikupeleka Pugu. Kama jina lina kumbukumbu ya namna hiyo, tafuteni njia nyingine isiyo na jina au yenye jina la kubahatisha, na zipo nyingi tangu 2022. Jina letu lilikuwa na miezi michache tu na hakuna konda wala mama lishe aliyelitumia. Hiyo ilikuwa bahati kubwa kuliko juhudi zetu zote.

Na mjihadhari na ujanja wa kubakiza jina huku mkibadilisha maelezo. Berlin, Ujerumani, kulikuwa na Petersallee, barabara iliyopewa jina hilo mwaka 1939 kumtukuza Carl Peters, yule aliyekuja huku kujikusanyia mikataba ya ulaghai na ambaye watu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986, wakazi walipoanza kulalamika, ikatangazwa kwamba kuanzia sasa Peters anayetajwa ni mwingine, Hans Peters, mtu aliyempinga Hitler. Kibao kilekile, jina lilelile. Malalamiko hayakuisha. Agosti 2024 barabara ile iligawanywa, kipande kimoja kikaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia, na kingine Maji-Maji-Allee. Vita vya babu zetu wa Kusini, vya 1905 hadi 1907, leo vimeandikwa kwenye nguzo mjini Berlin. Nalisema hili kwa sababu mtaani kwetu alitokea mtu, kwa nia njema kabisa, akapendekeza tuseme jina ni la babu yake yule bwana, ambaye alikuwa mtu mwema. Tulikataa.

Kumpata mtu anayestahili

Kanuni yangu ni moja: awe ameacha nyayo hapo. Awe aliishi, alifanya kazi, alifundisha, alikamatwa, au alizikwa karibu na barabara hiyo. Mtu mkubwa wa taifa asiyehusiana na mahali penu atakuwa kibao tu. Kama mko jirani na bandari, someni habari za makuli waliogoma mwaka 1939, 1943 na 1947, au za Erica Fiah, mwenye duka kutoka Uganda aliyeanzisha hapa Dar gazeti la Kwetu mwaka 1937 na kuwatetea wafanyakazi Waafrika wakati ambapo kufanya hivyo hakukuwa na faida yoyote. Kama mko upande wa Msasani na Oysterbay, yupo Edward Said Tingatinga, aliyechora kwa rangi za mafuta juu ya mbao za bei nafuu mpaka aina nzima ya uchoraji ikaitwa kwa jina lake, akafariki mwaka 1972 akiwa bado na nguvu zake. Yupo Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi, meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili. Na wapo wasio na kitabu wala picha gazetini: mwalimu aliyefundisha chini ya mti, mama aliyewalea yatima, fundi aliyechimba kisima cha kwanza.

Hesabuni pia wanawake. Tembeeni kata nzima mkiandika majina ya barabara zenye majina ya watu, kisha muone wangapi ni kina mama. Sisi tulipofanya hivyo hatukuhitaji vidole vya mkono wa pili.

Jina liwe la kuitika. Samora. Bibi Titi. Shaaban Robert. Konda analitamka kwa pumzi moja huku amening'inia mlangoni. Mkiandika "Barabara ya Marehemu Mheshimiwa Dokta Fulani bin Fulani", watu watakata kipande wanachotaka wao, na pengine kisiwe kile mlichokusudia.

Je, awe hai au marehemu? Mifano ya walio hai ipo mjini hapa, lakini mimi nasimama na kusubiri. Mtu hai bado anaweza kuuza uwanja wa watoto. Tena hukumu ya wakati mmoja huwa si ya mwisho, na hili linakwenda pande zote mbili. Bibi Titi Mohamed, aliyehamasisha wanawake wa mji huu kujiunga na TANU, alikamatwa mwaka 1969 kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa, akaachiwa mwaka 1972, na kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini. Leo barabara inayopita Mnazi Mmoja ni yake, na kabla ya hapo ilikuwa ikiitwa UWT, jumuiya ya wanawake aliyoiongoza yeye mwenyewe.

Mkishampata, nendeni kwa familia kabla ya mahali pengine popote. Nendeni watu wawili au watatu, mtu mzima akiwemo, kwa adabu zote, na msiende mikono mitupu. Ombeni ridhaa ya maandishi iliyosainiwa na msimamizi wa mirathi au mkubwa wa ukoo. Binti wa mkunga wetu alitusikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kitu kimoja: "Mtaandika Mama, au mtaandika jina lake la kwenye cheti?" Hatukuwa tumefikiria. Kitaani alijulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama mama wengi. Familia ikachagua, nasi tukafuata.

Kukusanya ushahidi

Anzeni na wazee, leo, kabla ya karatasi. Rekodini sauti kwa simu, mmoja mmoja, na ulizeni mambo madogo: alikuwa anavaaje akiitwa usiku, alilipwa nini, nani alimkataa. Maneno makubwa kama "alikuwa mtu wa watu" hayamshawishi diwani. Kinachomshawishi ni kusikia kwamba mwaka wa mafuriko mama alivushwa bondeni amebebwa mgongoni, kikapu chake cha vifaa kikiwa kichwani kwa kijana aliyembeba, akafika na mtoto akazaliwa salama. Kijana aliyembeba leo ni mzee, na ndiye aliyetusimulia.

Kisha tafuteni maandishi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga. Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi, na ina magazeti ya zamani. Maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani ina hazina ya vitabu vya Afrika Mashariki. Kwa watu wa kawaida kama mkunga wetu, ushahidi uko majumbani: kadi za kliniki, cheti cha mafunzo kilichokunjwa ndani ya msahafu au Biblia, picha ya harusi ambayo yeye kasimama pembeni. Tarehe za kuzaliwa na kufa, na namna jina linavyoandikwa, zihakikisheni kwenye kaburi. Mohamed au Mohammed, Saidi au Said: amueni mara moja, andikeni hivyo kila mahali.

Na nendeni kwa waliokuwa hawampendi. Bora doa mlijue nyinyi kwanza kuliko kulisikia mbele ya baraza la madiwani.

Haya yote yageuzeni ukurasa mmoja. Mmoja tu. Viambatisho viwe nyuma.

Maduka kabla ya ofisi

Hapa ndipo tulipokaribia kushindwa. Tulidhani upinzani utatoka kwa familia ya bwana yule. Ulitoka kwa watu wema wenye biashara.

Mama mmoja anauza vitumbua asubuhi na mkaa jioni. Nilimkuta anageuza vitumbua kwa kijiti, moshi ukimwingia machoni, nikamweleza habari ya jina jipya. Hakuinua uso. "Na LUKU yangu?" Nikamwambia LUKU inakwenda kwa namba ya mita, jina la barabara haliigusi. Akageuza viwili vingine. "Na hii nyumba? Nina hati ya marehemu mume wangu, nimeihangaikia miaka tisa." Nikamwomba aniletee hati tuisome pamoja. Akafuta mikono, akaingia ndani, akaja nayo kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine. Tukaona: kiwanja namba fulani, kitalu fulani. Jina la barabara halimo. Akaishika ile karatasi kwa muda, akasema, "Basi mwandikieni mama wa watu jina lake."

Nendeni na majibu ya namna hiyo mkononi. Hati miliki inatambulisha ardhi kwa kiwanja na kitalu. Umeme unafuata mita, maji yanafuata akaunti. Postikodi, ile namba ya tarakimu tano, ni ya kata, kwa hiyo inabaki ilivyo. Vinavyoguswa kweli ni anwani kwenye leseni ya biashara, taarifa za mlipa kodi TRA na zile zinazotoka kwenye risiti za mashine, ofisi iliyosajiliwa BRELA kwa wenye kampuni, mihuri na mabango. Msiwadanganye watu kwamba hakuna usumbufu. Waambieni ukweli, kisha pendekezeni kipindi cha mpito, tuseme miaka miwili, ambapo majina yote mawili yanatumika na kila mtu anabadilisha karatasi zake wakati wa kuhuisha leseni. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikubali dakika ile aliyosikia habari ya miaka miwili.

Mkutano na muhtasari wake

Mwombeni mwenyekiti wa mtaa, kwa barua, jambo hili liingizwe kama ajenda ya mkutano wa hadhara wa wakazi. Lisiletwe kwenye "mengineyo". Kinachoombwa na ngazi zote za juu ni muhtasari wa mkutano huo: tarehe, orodha ya mahudhurio yenye sahihi na namba za simu, hoja zilizotolewa, hoja zilizopingwa, idadi ya kura, sahihi ya mwenyekiti na ya mtendaji, na muhuri. Bila karatasi hiyo mnabaki kikundi cha watu wenye maoni.

Sisi tulifanya mikutano miwili. Wa kwanza akidi haikutimia kwa sababu tuliuweka Jumamosi mchana, siku ya mechi ya Simba na Yanga. Wa pili ulikuwa Jumapili saa kumi jioni, chini ya mwarobaini wa ofisi ya mtaa. Mtoto mkubwa wa bwana yule alikuja akakaa nyuma. Tulikuwa tumemwendea nyumbani siku tatu kabla, tukamwambia ana kwa ana kwamba mkutanoni uwanja hautatajwa na baba yake hatasemwa. Tutaeleza tu mema ya mkunga. Ahadi hiyo tuliitimiza. Kura zilipohesabiwa hakunyoosha mkono upande wowote, na hakuna aliyemgeukia.

Barua

Msitume barua ndefu. Yetu iliyokubaliwa ilikuwa na sura hii, jazeni yenu:

Mkurugenzi,
Halmashauri ya ………,
Dar es Salaam.

K.K. Mtendaji wa Kata ya ………
K.K. Mtendaji wa Mtaa wa ………

YAH: OMBI LA KUBADILISHA JINA LA BARABARA YA ……… KUWA BARABARA YA ………

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Sisi wakazi wa Mtaa wa ………, katika mkutano uliofanyika tarehe ………, tuliazimia kuomba barabara iliyotajwa, inayoanzia ……… na kuishia ………, ipewe jina la marehemu ………, ambaye (sentensi mbili, zisizidi tatu).

Tunaomba kipindi cha mpito cha miaka miwili ambapo majina yote mawili yatatumika.

Tunaambatanisha muhtasari wa mkutano, ridhaa ya familia, wasifu wa marehemu na ramani ya barabara.

Ile sentensi ya "inayoanzia na kuishia" msiidharau. Barabara nyingi za kwetu zinapinda, zinakatwa na mfereji, zinaendelea ng'ambo kwa jina lingine. Choreni ramani ya mkono, muweke alama ya msikiti, kanisa, shule, transfoma.

Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Huo muhuri wenye tarehe ndio utakaowasaidia miezi mitano baadaye mtakapoambiwa barua haionekani.

Kata, wataalamu, baraza

Kutoka mtaani ombi linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Diwani akilibeba kama lake, safari inakuwa fupi. Mpelekeeni ukurasa mmoja na sauti ya mzee mmoja kwenye simu, asikilize mwenyewe.

Halmashauri italipeleka kwa wataalamu wa mipango miji na kwa mratibu wa anwani za makazi. Hao wanaangalia jambo moja la msingi: jina lisigongane na lingine jirani. Mtu akipiga 114 kuita Zimamoto, gari haliwezi kuchagua kati ya barabara mbili zenye jina moja. Fanyeni kazi hiyo mapema kwa kupekua majina ya kata yenu na za jirani. Baada ya wataalamu kuna kamati ya kudumu inayohusika na mipango miji, kisha Baraza la Madiwani, ambalo mikutano yake ya kawaida hukaa kila robo ya mwaka. Mkikosa kikao kimoja mmesukumwa miezi mitatu, kwa hiyo ulizeni mapema tarehe ya mwisho ya kupokea ajenda. Na msianze safari hii miezi michache kabla ya uchaguzi. Baraza linavunjwa, diwani mnayemzoea anaweza asirudi, na jina la marehemu wenu litavutwa kwenye kampeni bila ridhaa yake.

Kuna fununu utazisikia kwamba bila "kumwona mtu" jambo haliendi. Sisi tulikwenda na nauli na nakala zenye muhuri. Lilikwenda, polepole.

Nguzo, kibao, ramani

Azimio la baraza likishapita, ombeni dondoo ya muhtasari kwa maandishi. Hiyo ndiyo inayompa mratibu nguvu ya kurekebisha jina kwenye mfumo wa anwani za makazi. Fuatilieni mpaka muone jina limebadilika kwenye simu yenu wenyewe, herufi kwa herufi. Ramani za intaneti hazibadiliki zenyewe: Google Maps inapokea mapendekezo ya watumiaji, na OpenStreetMap unaweza kuhariri mwenyewe. Vijana wengi wa Dar walijifunza kazi hiyo katika mradi wa Ramani Huria, muulizeni aliye karibu nanyi.

Kuhusu nguzo, ongeeni na halmashauri na TARURA kabla ya kuchimba chochote, kwa sababu chini kuna mabomba na nyaya. Wezi wa vyuma chakavu wanaijua thamani ya kila kibao mjini hapa. Bomba la nguzo lijazwe zege ndani, mguuni lichomelewe nondo ya msalaba kabla ya kumwagiwa, na kibao kitobolewe matundu machache ili kisifae kuuzwa. Herufi ziwe kubwa, kwenye karatasi inayoakisi mwanga, maana bodaboda anakisoma usiku kwa taa yake.

Na wekeni mstari wa pili. Watu wangapi wanapita Mtaa wa Makunganya kila siku bila kujua kwamba Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa na Wajerumani Kilwa mwaka 1895? Mstari mmoja ungetosha. Chini ya jina la mkunga wetu pameandikwa "Mkunga wa mtaa huu" na miaka aliyofanya kazi. Kibao cha kwanza kilikuja kimeandikwa "Mkungu". Tulikataa kukipokea, fundi akaomba radhi, akatengeneza kingine.

Mwaka wa kwanza

Jina linaanza kuishi likishapata midomo. Waambieni bodaboda wa kijiwe cha karibu, mmoja mmoja, na mkiita usafiri tajeni jina jipya kwanza kisha la zamani. Wenye maduka waliandike kwenye mabango yao. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi akikubali, mzee mmoja aende darasa la nne akasimulie. Kadi za harusi, matangazo ya msiba, maelekezo ya hitma: yote yaandikwe kwa jina jipya, na la zamani kwenye mabano.

Jalada lote litengenezeeni nakala tatu: moja kwa mtendaji wa mtaa, moja kwa familia, moja kwa mtu wa kamati asiyehamahama. Wenyeviti hubadilika na makabati ya ofisi za mitaa huloa masika. Sauti za wazee tuliziweka kwenye flashi tatu, nyumba tatu tofauti. Wawili kati ya wazee tuliowarekodi wameshafariki, na mmoja wao ni yule aliyembeba mama kuvuka bonde.